Gemu la maandishi halihitaji seva ya giga 8

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wenzako wote hapo chumba cha habari. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua nijibu ile makala ya ukurasa wenu wa teknolojia iliyosema kijana anayetaka kufungua gemu la mtandaoni la watu wengi aanze na seva yenye RAM (memori ya kufanyia kazi) giga 8, na kama hana hela hiyo basi asubiri wafadhili. Kwenye gemu za picha sibishani, sio eneo langu. Ila mwandishi kaziweka na gemu za maandishi humohumo, zile zinazoitwa MUD, na hapo ndo nikashindwa kunyamaza, maana mi na wenzangu tunaendesha moja ya Kiswahili kwenye seva ya megabaiti 512 na nafasi huwa inabaki. Giga 8 kwa MUD ni kununua sufuria la shughuli ya harusi ukachemshie yai.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, ni ulimwengu mzima ulioandikwa kwa maneno. Unaingia, unaambiwa umesimama wapi na nani yupo, unaandika "kaskazini" unaenda kaskazini, unaandika "piga nyoka" mnaanza kupigana na nyoka, na wenzako waliopo chumba hichohicho wanaona unachofanya palepale. Hakuna picha hata moja. Kisimu cha bei ndogo kinatosha, na wachezaji wasioona wanacheza sawasawa na wengine kwa sababu programu ya kusoma skrini inawasomea kila kitu. Ya kwanza iliandikwa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwaka 1978, alianza Roy Trubshaw afu Richard Bartle akaiendeleza, kwenye mashine ya DEC PDP-10 ambayo anwani zake za memori zilikuwa za biti 18, yaani programu inaona maneno (vipande vya memori) 262,144 tu ya biti 36 kila moja. Ukipiga hesabu ni megabaiti moja na kidogo. Na watu walikuwa wanaingia wengi kwa pamoja na wanauana vizuri tu.

Tupige na hesabu ya leo. Chukua dunia yenye vyumba 10,000, ambayo ni kubwa kweli, mchezaji anaweza kuzunguka miezi asiimalize. Kila chumba kipe maelezo ya herufi 500, hizo ni baiti milioni 5, basi. Kiswahili chetu kikiandikwa kawaida herufi moja ni baiti moja (isipokuwa ukikopi maandishi toka Word, kile kialama kilichopinda kwenye ng'ombe kinakula baiti 3, huwa nakibadilisha kila nikikiona, ila ukweli ni kwa sababu kinachafua skrini za watu zaidi ya mambo ya RAM). Ongeza milango, chumba kina pande 6 na kila upande pointa (anwani ya mahali kitu kilipo kwenye memori) ya baiti 8, kwa vyumba vyote hivyo ni nusu megabaiti. Weka na nyoka, walinzi, mapanga na mikate, bado hufiki megabaiti 20. Kwa hiyo mtu akikwambia gemu lake la maandishi linakula giga nzima, jua kuna kitu kingine kinakula humo ndani, na kabla hajatoa hela ya kukodi seva kubwa inabidi akitafute.

Hapo ndo makala ilitakiwa ianzie, kwenye kupima. Kwetu seva ilikuwa inakufa usiku, asubuhi unakuta gemu limezimika na kwenye logi (daftari la matukio) ya Linux, mfumo unaoendesha seva, pameandikwa kwamba memori imeisha na mfumo umeamua kuua programu. Tukamuuliza anayetukodishia seva, jibu lake moja tu, nunueni kifurushi cha juu. Sasa ukiandika amri ya ps ukazipanga programu zote kwa RAM zinayotumia kweli (angalia safu ya RSS, ile ya VSZ inatisha bure kwa sababu inahesabu hata kilichoahidiwa na hakijaguswa) unakuta asubuhi, gemu likiwa limewashwa upya, liko chini kabisa kwenye orodha. Juu yake wamekaa MySQL ya kutunza databesi, Apache ya kutoa kurasa za wavuti na paneli ya kubofyabofya iliyokuja na seva. MySQL hata iwe haina data yoyote, bafa (eneo la kushikia data) ya InnoDB, injini yake ya kuhifadhia, peke yake kwa mpangilio wa kawaida imetengewa megabaiti 128, robo ya seva yetu nzima, na gemu halina habari nayo kabisa maana wachezaji wetu tunawahifadhi kwenye mafaili ya kawaida, mchezaji mmoja faili moja. Tukaviondoa vyote vitatu. Seva ikapumua, ila gemu likawa bado linapanda kila siku, pole pole, likianza asubuhi likiwa jembamba na wiki ikiisha limenenepa.

Gemu letu linatokana na ROM (hapa ni jina la msimbo wa MUD, sio ile memori), ROM inatokana na Merc, na Merc ni mtoto wa DikuMUD, kazi ya wanafunzi watano wa Chuo Kikuu cha Copenhagen kule Denmark iliyotoka mwaka 1991. Msimbo wa lugha ya C wa enzi zile ni mbahili haswa, waliouandika walikuwa wanahesabu baiti. Shida iko kwenye vipande vilivyoongezwa baadaye, ambavyo watu wanakopishana miaka na miaka bila kuvisoma. Kwetu kilikuwepo kimoja kinachotengeneza ile laini ya hali, inayokuonyesha afya na nguvu zilizobaki kila ukimaliza kuandika amri. Kila mara kilikuwa kinaomba kipande kipya cha memori na cha zamani hakirudishi. Baiti 64, nani atajali? Ila mtu aliye vitani anaandika amri kila sekunde 2, hizo ni amri 1,800 kwa saa, kilobaiti 112 zimepotea, na wachezaji 30 wakiwa hivyo usiku na mchana unapoteza kama megabaiti 80 kwa siku. Kwa seva ya megabaiti 512 wiki haiishi. Dawa yake ilikuwa mstari mmoja tu, rudisha cha zamani kabla hujachukua kipya.

Kuupata huo mstari sasa ndo kazi. Wengi wanakimbilia Valgrind, ambayo ni programu nzuri sana ya kutafuta memori inayovuja, wanaiendesha, inawaambia hamna kitu, wanakata tamaa. Sababu ni kwamba ROM ina ujanja wake wa zamani, inachukua memori toka kwa Linux kwa mabonge makubwa afu inayakata yenyewe kwa saizi zake, 16, 32, 64, 128 na kuendelea, kwa hiyo Valgrind ikitazama inaona mabonge yote yapo salama, yanayovuja ndani ya bonge haiyaoni. Inabidi kwanza ubadilishe ugawaji urudi kwenye malloc, njia ya kawaida ya C ya kuomba memori, ukompaili upya (ugeuze msimbo kuwa programu), ndo uiendeshe, tena kwenye kompyuta yako ya nyumbani maana Valgrind inapunguza mwendo mara 10 hadi 50, wachezaji watakutukana. Na ujanja huohuo ndo unafanya RSS isishuke hata wachezaji wote wakitoka, kwa sababu kipande kilichorudishwa kinabaki kwenye foleni ya ndani kikisubiri mwenye saizi yake, hakirudi kwa Linux. Wapo wanaoona namba imeganda juu wanaanza kupiga kelele kwamba inavuja. Namba ikiganda hakuna tatizo, ya kuogopa ni ile inayopanda kila siku na watu ni walewale. ROM yenyewe ina amri ya memory kwa maadmini inayotaja idadi ya vyumba, milango, vitu na wahusika, na maandishi yaliyosomwa gemu likiwaka yanakula baiti ngapi, iandike asubuhi na jioni uone kipi kimeongezeka.

Kitu kingine cha kujifunza toka kwa hao wazee ni kugawana maandishi. Wakati ROM inawaka, kila maelezo inayoyasoma kwenye mafaili inayapitisha kwenye jedwali la hashi (orodha ya kutafutia andishi haraka), yakifanana herufi kwa herufi inatunza nakala moja tu na wengine wote wanapewa pointa. Mlinzi wa lango ana maelezo ya baiti 300 na wako 40 wamesambaa mjini, bila kugawana ni baiti 12,000, kwa kugawana ni 300 na pointa zake 320. Dunia nzima ikiwa hivyo inapungua sana. Ila jedwali linafungwa gemu likishawaka, kwa hiyo mjenzi anayeandika vyumba gemu likiendelea maandishi yake hayagawanwi mpaka uzime uwashe. Waliotengeneza SMAUG, tawi jingine la Merc, waliliona hilo wakaweka hesabu kwa kila andishi, wangapi wanalitumia, ikifika sifuri linafutwa, na unaweza kugawana muda wowote. Ukiwa unaanza leo nakushauri fuata njia ya SMAUG.

Yote hayo ni madogo ukilinganisha na miunganisho, yaani mchezaji mwenyewe akishaingia. Na hapa Mhariri nitachukua nafasi kidogo kwa sababu ndo panapotuhusu sisi wa huku zaidi ya Wazungu. Sisi tunacheza kwa bando. Kwa hiyo tunapenda sana kitu kinaitwa MCCP, ambacho kinabana maandishi yakitoka kwenye seva na kuyafungua kwenye simu yako, kwa kutumia zlib, maktaba ya kubania yenye mbinu ileile ya mafaili ya zip. Maelezo ya vyumba yanajirudiarudia mno, kwa hiyo yanabanika vizuri, mara nyingi kinachosafiri ni chini ya nusu. Kwa mchezaji ni raha tupu. Kwa seva ni hivi: zlib kwa mpangilio wake wa kawaida inataka kilobaiti 256 kwa kila muunganisho unaobanwa. Simu inayofungua inatumia kama kilobaiti 40 tu, mzigo wote anaubeba anayebana. Wachezaji 100 ni megabaiti 25 na ushee, kuzidi dunia yote ya vyumba 10,000 tuliyoihesabu kule juu, na hapo hujaandika hata neno moja jipya.

Suluhisho liko kwenye nyaraka za zlib zenyewe, ila naona watu wengi hawafiki huko. Badala ya kuita deflateInit unaita deflateInit2 na unaipa namba mbili, ukubwa wa dirisha na kiwango cha memori. Kawaida ni 15 na 8. Fomula ni 2 kwa kipeo cha dirisha jumlisha 2, ongeza 2 kwa kipeo cha kiwango jumlisha 9, na ndo inatoka 128 na 128. Ukiweka 12 na 5 inatoka kilobaiti 16 na 16, jumla 32, mara nane chini. Ubanaji unapungua kidogo tu, kwa sababu maandishi ya MUD yanarudia mambo ya karibu karibu, laini ya hali ileile, jina la nyoka yuleyule, dirisha la kilobaiti 4 linayakamata mengi. Wachezaji wetu hakuna aliyegundua kwamba tumebadilisha, na bando zao hazikulalamika.

Halafu kuna waliokatika. Umeme umekatika, mtandao umepotea daladala ilipoingia bondeni, au mtu kazima data kwa sababu bando limeisha. Simu haikuaga, imepotea tu, na seva inaendelea kuamini kwamba mtu yupo, na zile kilobaiti zake za MCCP zimekaa. Kama kuna maandishi ya kumtumia, Linux itayatuma na kuyarudia kwa robo saa hivi kabla ya kukubali kwamba hakuna mtu. Kama hakuna cha kutuma haitauliza kabisa, na hata ukiiwashia keepalive (ukaguzi wa kama mtu bado yupo) mpangilio wake wa kawaida ni kusubiri sekunde 7,200, saa 2 nzima, ndo iulize mara ya kwanza. Unaweza kuibadilisha kwa kila soketi (muunganisho wa mchezaji mmoja), sisi tumeweka dakika 2. Ukiongeza na wale wanaofika kwenye swali la jina wakaganda hapo, ambao wengi wala sio watu, ni programu zinazozunguka intaneti kugonga porti (milango ya mtandao) za telnet, njia ya zamani ya kuingia kwenye mashine kwa maandishi, kutafuta kamera na ruta zenye nywila dhaifu (toka programu hasidi ya Mirai ya mwaka 2016 huu mchezo haujaisha), basi unakuta gemu lenye wachezaji 20 lina miunganisho 60. Asiyejibu jina kwa dakika moja mkate, hautamuonea mtu.

ROM nayo ina kimtego chake hapohapo. Bafa ya kutolea maandishi ya kila mchezaji inaanza na baiti 2,000, ikijaa inaongezwa mara mbili, 4,000, 8,000, mpaka 32,000, ikizidi hapo anakatwa. Sawa kabisa. Ila hairudi kuwa ndogo. Mtu akiomba orodha ndefu ya vitu mara moja tu akiwa kwenye mtandao wa kusuasua, atatembea na bafa kubwa mpaka atoke. Tumeweka kwamba ikishakuwa tupu kwa muda inarudishwa 2,000. Sio hela nyingi, lakini ni mistari michache.

Kuna watakaosema suluhisho ni kuzima na kuwasha kila usiku. Inasaidia, na MUD zina njia nzuri ya kufanya hivyo inaitwa copyover, ambapo programu inajibadilisha na kuwa mpya huku soketi za wachezaji zikibaki wazi, mchezaji anaona kaujumbe tu gemu linaendelea. Ukiitumia kumbuka kufunga MCCP ya kila mtu kwanza, hali ya zlib haivuki kwenda upande wa pili na mchezaji ataona takataka tupu kwenye skrini. Mi naichukulia kama bima, sio tiba, kwa sababu anayewasha upya kila usiku hatajua kamwe kinachovuja ni nini.

Na wapo wanaoruhusu wachezaji wajenge wenyewe, hiyo ni habari nyingine kabisa. Kwenye LambdaMOO, iliyoanzishwa na Pavel Curtis pale Xerox PARC, Marekani, mwaka 1990, databesi yote inakaa kwenye memori na kila mtu anaweza kutengeneza vyumba na vitu vyake. Ikavimba. Wakaishia kugawa kwa mgao, kila mkazi ana kiwango chake, mwanzo kwa idadi ya vitu na baadaye kwa baiti, na ukitaka zaidi unapeleka maombi kwenye bodi ya wachezaji wenzako inayopitia ulichojenga kama kina faida kwa watu. Yaani RAM ikawa siasa. Na juu ya hapo seva yake ikitaka kuhifadhi databesi kwenye diski inajigawa mara mbili, nakala moja inaandika nyingine inaendelea na gemu, kwa hiyo usipoacha nafasi ya kutosha unaweza kuuawa na kitendo cha kuhifadhi chenyewe. LPMud, ya Lars Pensjö wa Sweden mwaka 1989, walienda njia nyingine, kitu ambacho hakijaguswa muda mrefu kinaulizwa kama kinaweza kujiondoa, na programu zisizotumika zinahamishiwa diski mpaka mtu azihitaji. Kwetu tumechukua kidogo toka pande zote mbili, wajenzi wana mgao wa baiti na takataka zinazoangushwa njiani zinafutika zenyewe. Huo mgao umeleta ugomvi kuliko kitu chochote tulichowahi kufanya, kuna mjenzi kahama kabisa kwa sababu jumba lake la vyumba 200 vyote vya kulala lilikataliwa.

Mambo kama kupanga upya struct (muundo wa data wa C) ili baiti zisipotee kwenye mapengo, au kukompaili kwa biti 32 ili pointa ziwe baiti 4, yapo na yanafanya kazi, ila hayo fanya mwisho kabisa ukiwa huna la kufanya. Na anayetumia Evennia, ambayo ni programu ya kutengenezea MUD kwa lugha ya Python, ajue vitu vya Python ni vizito, mahesabu yangu ya juu hayamhusu sana, aangalie kwenye mipangilio IDMAPPER_CACHE_MAXSIZE ambayo kawaida ni megabaiti 200, kwa seva kama yetu hiyo ni nyingi mno, aishushe.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo. Muwe mnampa mtu anayeendesha vitu hivi asome makala kabla haijachapwa, na mtuwekee hata robo ukurasa kwa mwezi ya mambo ya seva ndogo, maana vyuoni vijana wanaoweza kuandika C wapo wengi na wanazuiwa na makala za giga 8. Na mkiandika tena kuhusu hizi za jamii ya DikuMUD msisahau kumwambia msomaji kwamba leseni ya asili zilizotoka nayo hairuhusu kuzifanyia biashara ya faida, na majina ya waliotengeneza lazima yaonekane mtu akiwa anaingia. Nimeshaona moja inayotoza watu kwa wiki, na majina yamefutwa.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam